Mate ya Wasomaji

Hakuna neno la uongo humu, hata moja. Anayebisha na ashuke Kimulot, asimame pale kwa duka la Mokaya, aulize nyumbani kwa Chepchirchir ni wapi. Ataonyeshwa na yeyote, akikosa mtu ataonyeshwa na kuku. Mzee anayeyasimulia haya alistaafu kazi, hakustaafu macho, na kwa umri wake hana faida ya kudanganya mtu. Basi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mwezi wa kwanza, wakati jua la huku juu linapoanza kuonyesha tabia yake mbaya. Chepchirchir alikuwa amemaliza kukamua. Ng'ombe wake alikuwa amezaa alfajiri, ndama wa kike, kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso kama mtu aliyeanguka kwenye unga. Chepchirchir akafuta mikono kwa leso, akampiga picha, akaiweka kwenye blogu yake iliyoitwa Chai na Chepchirchir. Blogu hiyo ilikuwa na wasomaji arobaini na mmoja. Dada yake alikuwa watatu kati yao, kwa sababu kila akisahau nywila alikuwa akijiandikisha upya.

Mvua ilikuwa imekatika tangu kabla ya Krismasi. Nusu ekari ya chai iliyokuwa nyuma ya nyumba, ambayo ndiyo iliyomlisha na kumweka mwanawe Benard bweni, ilikuwa imefunga machipukizi kama mtu aliyekunja ngumi. Mumewe alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa kuonekana nyumbani mara chache kama kupatwa kwa jua. Kwa hiyo chai ilikuwa ya Chepchirchir na Chepchirchir alikuwa wa chai.

Mama mkwe wake, Kogo Cheptoo, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Aliomba aonyeshwe hiyo picha. Akaitazama kwa muda, halafu akauliza ni watu wangapi wamemwona ndama. Chepchirchir akamwambia ni arobaini na mmoja.

"Hayo ni macho themanini na mawili," Kogo akasema. "Na waliomtemea mate ni wangapi?"

Kila mtu wa huku anajua kwamba ukimwona mtoto mzuri, wa mtu au wa ng'ombe, ukamsifu, unamtemea mate kidogo, ya adabu tu, ili sifa isigeuke ikamdhuru. Chepchirchir alikuwa amemtandaza ndama wake mbele ya macho themanini na mawili bila tone. Ni kosa ambalo hata mtoto wa darasa la pili hawezi kufanya. Akarudi haraka kwa simu, akaongeza mstari chini ya picha: tafadhali, ukimsifu, mtemee kidogo.

Wasomaji wakatii. Karani mmoja wa benki mjini Kericho alifunga mlango wa choo akatema kuelekea simu. Nesi mmoja aliyehamia Minnesota alitema ndani ya gari lake. Dada yake Chepchirchir alitema mara tatu. Dakika ileile manyunyu membamba yakashuka juu ya ndama, juu yake peke yake, jua likiwa kali vilevile. Kogo akanyoosha kidole, akagusa mgongo wa ndama, akanusa.

"Yamefika," akasema, akarudi kwa maharagwe yake.

Siku iliyofuata Chepchirchir akapiga picha michai mitatu ya kona na kuomba vivyo hivyo. Manyunyu yakaanguka juu ya michai mitatu. Kufikia Jumapili ilikuwa imefungua ngumi na kutoa majani mawili na kichipukizi, laini, ya kung'aa, wakati kilima kizima kilikuwa na rangi ya gunia kuukuu. Katika senta ya majani, karani wa mizani aliuliza tu mbona majani haya yana maji. Akaelezwa. Akasema mate ni maji kama maji mengine na akakata kilo mbili za maji kwenye uzito.

Hapo ndipo Chepchirchir alipoamua kuwa bloga wa kweli. Hesabu ilikuwa rahisi: wasomaji arobaini na mmoja hunywesha michai mitatu, na yeye alikuwa na michai karibu elfu mbili.

Kuna mtu mmoja wa kumtaja kabla hatujafika mbali, naye ni Dorcus. Marehemu mumewe, Jackton Obiero, alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja kulisha moto wa boila katika kiwanda kimoja cha chai kwa miaka thelathini, na alipostaafu akanunua robo ekari kando ya nusu ekari ya Chepchirchir. Akafa kabla hajaonja matunda ya uvivu. Dorcus akabaki na michai yake, na binti yake Maxine, na buti zake za kijani zenye kiraka cha njano. Kwa miaka kumi na moja yeye na Chepchirchir walichuma kwa zamu: Jumatatu wote wawili kwa Chepchirchir, Alhamisi wote wawili kwa Dorcus. Chepchirchir hakuwa na rafiki mwingine, na wala hakuwa ametafuta.

Watu wasiochuma chai hawajui kitu hiki: mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwa majani, mdomo hufunguka wenyewe. Katika mistari ile ya michai Chepchirchir alimwambia Dorcus mambo ambayo hakumwambia hata mchungaji, na Dorcus vivyo hivyo.

Mwezi wa pili, Chepchirchir akaenda Sotik kwa semina ya siku moja, juu ya duka la dawa za mifugo, iliyoitwa Siri za Bloga Aliyefaulu. Mwalimu alikuwa mtu anayeitwa Nyagaka, mwenye suti ya kijivu na wasomaji laki mbili. Alifundisha akiwa ameshika mwavuli, kwa sababu ndani ya ukumbi, chini ya mabati, ilikuwa ikimnyeshea. Viatu vyake vilikuwa vimeloa na alivinyoosha mbele ili watu waone. Wanafunzi wa mstari wa kwanza walikuwa wamepewa karatasi za nailoni.

Nyagaka akafundisha kwamba bloga ni lazima aandike kila siku. Ni lazima amjue msomaji wake kama anavyojua ng'ombe wake. Ni lazima awe yeye mwenyewe. Alirudia hilo la kuwa yeye mwenyewe mara tisa, na mara ya tisa wengine walilia. Chepchirchir aliandika yote kwenye daftari la Benard la hesabu. Lakini wakati wa chai alimfuata mwalimu kwenye korido na kumuuliza mambo yalivyo hasa, kwa sababu yeye alikuwa na michai elfu mbili na hakuwa na wakati.

Nyagaka alimtazama, akamhurumia kidogo.

"Unaandika mazuri, dada?"

"Naandika ndama. Naandika chai."

"Ndiyo shida. Mtu akikubariki anatema kidogo, kwa adabu, mbele ya meno tu. Akikudharau anavuta kutoka ndani kabisa." Akakausha miwani yake. "Mchai hauulizi."

Chepchirchir akarudi Kimulot akiwaza hayo, na jioni hiyohiyo akaanza polepole. Akaandika kwamba mwanamume anayekunywa chai ya rangi hana mpango na maisha. Wasomaji elfu nne. Akaandika kwamba mursik, yale maziwa ya kibuyu, siku hizi ni maziwa yaliyosahauliwa tu, na wazee walimtemea kutoka kaunti tatu. Akaandika kwamba watu wa Siongiroi huuza ng'ombe kwanza ndipo wamtafute ng'ombe wa kuuza. Mate ya Siongiroi yalifika saa kumi alasiri, soko lilipofunga, mazito, yenye harufu ya tumbaku, na yalinywesha mistari kumi na miwili bila kupumzika.

Kimulot ilizoea. Mvua ikianza kwa Chepchirchir, majirani walitoa ndoo mpaka kwenye mpaka, wakaona kwamba hakuna tone linalovuka, wakarudisha ndoo. Mokaya wa duka alianza kuuza bando pamoja na mbolea. Kogo Cheptoo alilalamika jambo moja tu, kwamba nguo hazikauki.

Lakini dharau ya jumla ina shida yake: watu huitema mara moja wakasahau. Mwisho wa mwezi wa pili Chepchirchir aliwatukana wanaokula parachichi kwa chumvi na hakupata hata umande. Majani yakaanza kujikunja tena. Alimpigia Nyagaka simu, na Nyagaka akamwambia watu hawatemei hewa. Wape mtu.

Sasa, jambo ambalo Dorcus alikuwa amemwambia kati ya michai, Alhamisi moja miaka miwili nyuma, ni hili. Maxine alikuwa ameitwa chuo cha unesi Eldoret, na kanisa likamwombea siku ya kuondoka, na wamama wakamnunulia sanduku. Alikaa muhula mmoja. Karo ikakwama, akatoka, akapata kazi ya kuosha vikombe katika hoteli moja pale Sotik. Dorcus hakuweza kuliambia kanisa lililonunua sanduku. Basi kila muhula kanisa lilimwombea Maxine apite mtihani, na kila muhula Dorcus alisimama mbele akashukuru, kwa miaka minne sasa. "Maombi yamefika mbali," alisema siku ile, huku akichuma, "yanafaa tu yateremke kidogo pale Sotik." Wakacheka wote wawili mpaka vikapu vikatikisika.

Chepchirchir alikaa na hilo jambo siku tatu. Siku ya nne aliitazama chai yake, akaandika. Kichwa kilikuwa: Jirani Yangu Anamdanganya Mungu. Jina hakutaja. Aliweka picha ya buti za kijani kando ya mchai.

Wasomaji elfu tisini, kabla ya saa sita mchana. Walitema Kericho, walitema Bomet, walitema Kisumu kwa hasira ya kuaibishwa na Nakuru kwa kufuata wengine. Mchungaji mmoja alitema mbele ya kusanyiko lake zima, nalo likafuata. Ilinyesha siku tatu bila kukata. Saa za jioni ilikuwa ikija na mawe, madogo, ya wale waliokuwa na maoni marefu. Michai ilinyanyuka kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

Jumatatu Chepchirchir alipotoka na kikapu, Dorcus alikuwa tayari yuko katikati ya mstari, amefunga aproni ya nailoni, anachuma. Ilikuwa siku yake ya kuja na alikuja. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni. Chepchirchir akaingia mstari wa pili na kuanza kuchuma naye.

"Mama Maxine," akasema, "jina sikutaja."

"Ulitaja buti zangu."

Wakachuma. Dorcus akatupa konzi ya majani kikapuni, akafuta uso kwa mkono, akautazama ule mkono.

"Haya mate ni yangu," akasema. "Mimi ndiye waliyenitemea, elfu tisini. Kwa nini inanyesha kwako?"

Chepchirchir akampigia Nyagaka hapohapo, akiificha simu chini ya leso, na Nyagaka akajibu kwamba ni mambo ya kawaida, anayetemewa hupata aibu na mwenye akaunti hupata maji. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo na ndivyo wakubwa wote walivyofika walipofika. Kisha akamuuliza kama hana jirani mwingine.

Basi Chepchirchir akaenda akaleta jembe. Wakachimba mfereji wote wawili, kutoka katikati ya nusu ekari mpaka kwenye robo ya Dorcus, upana wa futi moja, wenye mteremko mzuri ambao hata mhandisi angeusifu. Maji yakashuka kwa haraka, yakafika mpakani, yakasimama. Yakakaa pale kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Halafu yakazama ardhini, na upande wa pili vumbi halikulowa hata kwa upana wa kidole. Dorcus alichuchumaa akaigusa ile ardhi kavu, akasimama.

"Niandike mimi," Chepchirchir akasema.

"Nikuandike nini?"

"Unajua. Unayajua yote."

Ni kweli Dorcus alijua. Alijua kwamba hakuna lori la maziwa tangu mwaka juzi. Dereva yuko Siongiroi na mke mwingine na mtoto wa kutambaa. Na zile simu ambazo Chepchirchir humpigia kila Jumamosi kwa sauti kubwa, akimuuliza kuhusu breki na barabara, huzipiga simu ikiwa imezimwa, ili Kogo Cheptoo asikie akiwa mlangoni. Jambo kama hilo lingeleta maji ya kutosha robo ekari mpaka Pasaka. Chepchirchir alimwambia hivyo. Alimpangia hata kichwa cha habari. Alimshika mkono, akamwambia wakifanya hivyo watakuwa sawasawa, watachekelea mstarini kama zamani.

Dorcus alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, akaandika kwa kidole kimoja, polepole. Chepchirchir alisubiri, na kwa kweli moyo wake ulianza kupumua. Dorcus alimpa asome. Alikuwa ameandika: Binti yangu Maxine anaosha vikombe Sotik. Anaviosha vizuri.

Ilisomwa na watu kumi na mmoja. Wanane walimbariki. Matone manane yakaanguka kwenye mchai mmoja wa mwisho, ule ulio kando ya njia, na baada ya siku kadhaa mchai ule ukatoa kichipukizi kimoja. Dorcus alikichuma Jumatatu, akavuka mpaka, akakiweka ndani ya kikapu cha Chepchirchir, kwa sababu ilikuwa siku ya Chepchirchir. Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuvuka.

Alhamisi Chepchirchir alienda na kikapu kwa Dorcus kama kawaida. Hapakuwa na la kuchuma. Dorcus alimpa kiti, akampa chai, akazungumza naye vizuri kuhusu bei ya unga, kama mtu anavyozungumza na afisa wa sensa.

Mwezi wa tatu ulipoisha, Chepchirchir alipewa tuzo ya bloga bora wa chai, sahani ya kioo yenye jina lake, na kampuni moja ya kuuza mabuti ikamlipia tangazo. Alialikwa Sotik kufundisha. Alisimama mbele ya ukumbi akiwa na mwavuli, viatu vimeloa, akawaambia waandike kila siku, wamjue msomaji, na kila mtu awe yeye mwenyewe. Walilia. Baada ya semina alipita kwenye hoteli moja, akaagiza chai, akaletewa kikombe kisafi kabisa. Hakuuliza nani alikiosha.

Kanisa liliacha kumwombea Maxine mitihani. Michai ya Dorcus ilikauka mistari minne, halafu sita. Jumatatu Chepchirchir huchuma peke yake katika mvua, na kwa mazoea husema kitu kuelekea mstari wa pili, akangoja, akaendelea kuchuma.

Hadithi ingeishia hapo. Lakini mzee anayeisimulia, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana blogu, aliiweka mtandaoni Ijumaa, yote, na buti ndani yake. Jumamosi asubuhi bustani yake ya sukuma wiki ilikuwa imelowa, katika kijiji ambacho hata kinyesi cha kondoo kilikuwa unga. Dorcus alikuwa akipita kuelekea dukani. Alisimama kwenye ua. Akaitazama sukuma wiki, akatazama mbingu tupu, akamtazama mzee.

"Mzee wangu, umeniandika."

Mzee akasema hapana, hayo ni maji ya kuoga, huyamwaga hapo kila asubuhi.

"Unaogea juu ya paa?" Dorcus akauliza, maana mabati nayo yalikuwa yakidondosha maji.

Wamama waliokuwa njiani walisimama, wakaketi kwenye nyasi, na faini ikakatwa papo hapo bila kusikiliza utetezi: kila alasiri mitungi miwili ya maji kutoka mtoni, kwa mabega yake mwenyewe, si kwa punda wala kwa mjukuu, mpaka kwenye chai ya Dorcus, hadi mvua ya Mungu itakaporudi.

Leo ni siku ya tisa. Mgongo unasema mambo yasiyoandikika. Mitungi miwili hunywesha michai kumi na minne, naye Dorcus ana elfu moja, kwa hiyo ikiokolewa michache juu, hukauka mingine chini. Sukuma wiki, kwa upande wake, inaendelea vizuri sana. Majani yake yametoshana na masikio ya ndovu, na watu wameanza kuomba mbegu.

Jana mzee alipoinama kumwaga mtungi wa pili, Dorcus alimuuliza kama sasa amemaliza kuandika. Akamjibu kwamba amebakiza mistari michache tu. Dorcus alielekeza kidevu ng'ambo ya kilima, ambako juu ya paa la mzee, na si jingine, ilikuwa imeanza kunyesha.